Kabati la DDA Lina Kufuli Mbili, Kompyuta ya Wodi Haina Hata Moja

Katika wodi nyingi za Nairobi, pethidine na morphine, dawa kali za maumivu, hukaa kwenye kabati la DDA, yaani la dawa hatari zinazodhibitiwa kisheria: kabati ndani ya kabati, kufuli mbili, funguo mfukoni mwa sista anayeongoza zamu. Anayetoa ampuli moja huandika kitabuni tarehe, saa, jina la mgonjwa, kiasi kilichotoka na kilichobaki, akatia sahihi, na mwenzake akatia ya ushahidi. Hesabu isipolingana wakati wa kupokezana zamu, hakuna anayekwenda nyumbani. Hatua mbili kutoka hapo kuna kompyuta inayofungua faili za wagonjwa wote wa hospitali. Pembeni mwa skrini pamebandikwa kikaratasi kwa seloteli: "wodi5", na chini yake nenosiri.

"Sista, nifungulie nione matokeo ya maabara."

"Iko wazi tu, daktari."

Daktari anasoma, anaagiza dawa, anaondoka. Kwenye mfumo, aliyeagiza ni wodi5.

Usimamizi wa utambulisho wa kidijitali, ukiuvua majina yake makubwa, ni kuipeleka nidhamu ya kile kitabu cha DDA kwenye kompyuta. Huyu ni nani hasa? Anathibitisha vipi kwamba ndiye? Ameruhusiwa kufanya nini? Na alichofanya kimeandikwa wapi, kwa namna ambayo yeye mwenyewe hawezi kukifuta? Maswali yote manne hukosa jibu kwa mpigo mmoja pale watu kumi wanapoingia kwa jina moja. Ndiyo maana akaunti ya pamoja ni ugonjwa wa kutibiwa kwanza, kabla ya kununua chochote.

Hesabu ya sekunde

Ni rahisi kuwalaumu manesi, lakini chukua kalamu. Tuseme nesi wa mchana anagusa kompyuta mara 60 katika zamu: presha, dawa, maabara, kumhamisha mgonjwa, kumruhusu mwingine. Kama kila kuingia kunakula sekunde 40 (kuamsha skrini, jina, nenosiri la herufi 12, kusubiri mfumo ufunguke, kumtafuta tena mgonjwa aliyekuwa naye), hizo ni dakika 40. Mtu mwenye wagonjwa 30 hana dakika 40 za kuipa kompyuta. Atafanya ambacho yeyote angefanya: ataiacha wazi asubuhi hadi jioni. Mfumo ulibuniwa kwa mtu anayeketi ofisini mbele ya kompyuta yake peke yake, na wodini hakuna mtu wa namna hiyo. Waraka wa onyo kutoka kwa utawala hautabadilisha hilo. Kinachobadilisha ni kushusha zile sekunde 40 hadi tatu au nne.

Njia iliyozoeleka hospitalini ni kadi ya kugusa. Mwanzoni mwa zamu mfanyakazi anagusa kadi kwenye kisomaji na kuandika PIN. Kwa saa nne zinazofuata anagusa tu; PIN inaombwa tena zikiisha, au anapotaka kufanya jambo zito kama kuidhinisha dawa za kulevya. Akigusa mara ya pili, skrini inafungwa. Programu zikiwa zinaendeshwa kwenye seva badala ya kompyuta ya mezani, kazi yake humfuata: anaacha faili la mgonjwa likiwa wazi kitanda cha 4, anagusa kompyuta ya chumba cha dawa, analikuta palepale alipoliacha. Hapo ndipo manesi huipenda kadi, maana imewapa kitu badala ya kuwanyima.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni kadi yenyewe. Kadi nyingi za milango ya ofisi ni za zamani, zile za masafa ya 125 kHz, na hazifanyi kitu zaidi ya kutamka nambari yao kwa kisomaji chochote kilicho karibu. Kifaa cha bei rahisi kinaisikia na kuiandika kwenye kadi nyingine kabla kahawa haijapoa. Kadi inayofaa ni ile inayojibu fumbo jipya la kriptografia kila inapoguswa, kama DESFire EV2 au EV3. Mtego wa pili ni muda wa skrini kujifunga. Dakika mbili au tatu zinafaa wodini na kwenye dirisha la famasia. Chumba cha majeruhi kikiwekewa dakika hizohizo, daktari aliyeshika mgonjwa kwa mikono yote miwili ataikuta skrini nyeusi wakati anaihitaji, na kesho yake utakuta mtu ameweka kitu kizito juu ya kibodi ili isilale. Huko weka dakika kumi, kisha uzuie chumba kwa mlango.

Alama za vidole huvutia wakubwa kwa sababu hazisahauliki nyumbani. Kwenye stoo ya dawa zinafaa. Wodini kuna glavu, kuna dawa ya kutakasa mikono inayokausha ngozi, na kuna kisomaji kimoja kinachoguswa na watu 40. Isitoshe, nenosiri likivuja unalibadilisha, kidole hukibadilishi. Ikiwa ni lazima utumie bayometria, alama ibaki ndani ya kadi au simu ya mwenyewe, isirundikwe kwenye seva moja inayosubiri kuibwa.

Anayeingia, anayehama, anayeondoka

Ufunguo mzuri mikononi mwa mtu asiyefaa ni hasara ileile, kwa hiyo swali la "ni nani?" linatangulia, na jibu lake haliko kwa watu wa kompyuta. Liko kwa ofisi ya wafanyakazi na kwa mabaraza ya taaluma. Daktari anasajiliwa na KMPDC (baraza la madaktari la Kenya), nesi na Baraza la Wauguzi, mfamasia na Bodi ya Famasia na Sumu, na leseni ya kufanya kazi ina tarehe ya mwisho. Akaunti ya mtu wa tiba inapofunguliwa, nambari ya usajili iandikwe ndani yake, ihakikiwe kwenye rejista ya baraza (si kwenye fotokopi aliyoileta), na tarehe ya mwisho ya akaunti isipite tarehe ya mwisho ya leseni. Leseni ikihuishwa, akaunti inasogezwa mbele. Isipohuishwa, uwezo wa kuagiza dawa unazimika wenyewe bila mtu kugombana na mtu. Mpe onyo siku 30 kabla, kisha siku saba. Usimzimie daktari saa nane za usiku.

Shida kubwa ya Nairobi ni kwamba daktari mmoja huyohuyo hufanya zamu hospitali tatu. Kuna wa lokamu, wa kushika zamu kwa muda, anayekuja Jumamosi mbili kisha haonekani, kuna wanafunzi wanaobadilishana kila wiki chache, kuna wa kandarasi. Hawa ndio wanaopewa "tumia yangu tu kwa leo". Dawa yake ni akaunti ya muda inayofunguliwa kwa dakika tano na msimamizi wa zamu mwenyewe, kwa jina kamili la mgeni na nambari yake ya leseni, ikijifunga saa 12 baadaye. Kama kufungua akaunti kunahitaji fomu, sahihi tatu na mtu wa ICT ambaye hafanyi kazi wikendi, utakuwa umemshauri kila mtu aazime.

Anayehama ndiye husahauliwa. Nesi aliyekuwa famasia, akaenda maabara, sasa yuko bili, anabeba ruhusa za kila alikopita kama mtu asiyerudisha funguo za nyumba alizohama. Baada ya miaka mitano anaweza kuagiza dawa, kuitoa, kuirekebisha kwenye stoo na kufuta bili yake. Mhasibu yeyote angekuambia huo ni mlango wa wizi hata kama mwenye nao hajawahi kuufikiria. Utaratibu wa haki ni kwamba kuhama kunafuta kila kitu kwanza, kisha kunatoa za kituo kipya. Anayeondoka, naye, afungwe siku yake ya mwisho saa ya mwisho, na kinachofanya hilo liwezekane ni mfumo wa mishahara kuwa ndio unaotuma habari, kwa sababu mishahara ndiyo orodha pekee katika shirika ambayo kila mtu hujali iwe sahihi.

Ruhusa na kioo cha dharura

Ruhusa hupangwa kwa kazi, si kwa mtu. Anayeagiza dawa asiidhinishe. Anayepokea mzigo stoo asirekebishe hesabu ya stoo. Mtu wa bili aone malipo bila kusoma vidokezo vya daktari wa akili. Kazi 15 hadi 25 hutosha hospitali ya ukubwa wa kati. Ukijikuta na 200, kila mtu amepewa ya kwake na umerudi ulikotoka.

Lakini mgonjwa haji kwa mpangilio. Daktari wa watoto atamkuta mama amezirai korido. Kwa hiyo kila mfumo wa afya unaojiheshimu una mlango wa dharura, mfano wa kile kioo kinachovunjwa moto unapowaka: daktari anabonyeza, anaandika sababu kwa sentensi moja, faili linafunguka palepale, ruhusa inakufa baada ya saa chache, na asubuhi afisa wa rekodi anapata orodha ya walioupitia. Usiombe idhini ya mtu kwanza. Anayehitaji mlango huo hana wa kumsubiri. Ulinzi wake ni kwamba kila kufungua kunaonekana, na kuna mtu anayeulizia. Kama kioo kinavunjwa kila siku na watu walewale, usiwaite wakorofi kabla hujaangalia ruhusa zao. Mara nyingi wamenyimwa kitu wanachokihitaji kila siku.

Nenosiri peke yake halitoshi kutoka nje

Tarehe 12 Februari 2024, wezi waliingia Change Healthcare, kampuni ya Marekani inayopitisha madai ya malipo ya hospitali na maduka ya dawa, kwa kutumia nenosiri lililoibwa kwenye lango la kuingilia kutoka mbali. Lango hilo halikuwa na uthibitisho wa pili, yaani hatua nyingine ya kuthibitisha mtu baada ya nenosiri. Siku tisa baadaye walifunga mifumo kwa ufunguo wao. Mkuu wa kampuni mama wakati huo, Andrew Witty, alilieleza Bunge la Marekani kwamba fidia ya dola milioni 22 ililipwa. Maduka ya dawa nchi nzima yalishindwa kuthibitisha bima za wateja.

Basi kanuni ni hii: lolote linalofikika kutoka nje ya jengo (barua pepe, VPN yaani njia ya kuingia mtandao wa ndani ukiwa nje, mfumo wa wingu, programu ya kuendesha kompyuta kutoka mbali) na kila akaunti ya msimamizi iwe na uthibitisho wa pili, bila kumwonea haya mkurugenzi. Swali ni upi.

Nambari inayokuja kwa SMS ndiyo watu wanaijua, na nchi ya M-Pesa inaujua pia wizi wa kubadilishiwa laini: mtu anajifanya wewe, laini yako inahamia simu yake, na nambari zako zote zinamfuata. Juu ya hayo, vyumba vya eksrei vilivyo chini kabisa ya jengo mara nyingi havina netiweki. Ni afadhali kuliko hakuna, basi.

Programu ya simu inayotoa tarakimu sita kila sekunde 30 haihitaji netiweki wala gharama. Inapokataa, sababu huwa karibu kila mara ni saa. Simu na seva hukokotoa tarakimu kutokana na siri moja pamoja na wakati; stima ikikatika usiku, seva yenye betri iliyokufa kwenye ubao wake inaamka na saa iliyochelewa, na asubuhi hospitali nzima inaambiwa nambari si sahihi. Watu watabadilisha simu na kusajili upya kabla mtu hajaangalia saa ya seva. Ifunge seva kwenye saa ya mtandao ya NTP na ubadilishe betri.

Bora zaidi ni ufunguo wa FIDO2, kidude kama flashi kinachouzwa kati ya dola 25 na 50 hivi, au ufunguo wa aina hiyo uliomo ndani ya simu. Hujibu anwani ileile ya tovuti uliposajiliwa tu. Mtu akikupeleka kwenye ukurasa bandia unaofanana na wa hospitali kama mapacha, wewe utadanganyika, ufunguo hautadanganyika. Kwa wasimamizi na wahasibu, nunua viwili kila mmoja: cha kutumia na cha kuweka kabatini, kwa sababu kimoja kitapotea matatuni.

Nenosiri likibaki, liwe refu, likaguliwe dhidi ya orodha za yaliyokwisha kuvuja, na usilazimishe libadilishwe kila siku 90. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliuacha ushauri huo mwaka 2017. Kinachozaliwa na mabadiliko ya lazima ni Januari2025 kuwa Aprili2025.

Hata hivyo mlango dhaifu kuliko yote ni simu ya dawati la msaada. "Mimi ni daktari fulani, naingia chumba cha upasuaji sasa hivi, nifutie hiyo nambari nisajili simu mpya." Kijana wa dawati, kwa heshima aliyolelewa nayo, atafuta. Mpe maneno ya kujikinga: "Sawa daktari, nakupigia sasa hivi kwa nambari iliyo kwenye faili lako." Akate, apige. Na kwa kusajili upya uthibitisho wa pili, mtu aje mwenyewe na kitambulisho, au msimamizi wake amthibitishe.

Kiwandani

Ukitoka hospitali ukaenda Industrial Area au Barabara ya Mombasa, kwenye viwanda vya dawa, swali hubadilika kidogo. Wodini tunauliza nani ameona. Kiwandani tunauliza nani ameandika, lini, na kama amebadilisha. Wakaguzi hufupisha kwa herufi ALCOA: ijulikane aliyeandika, isomeke, iandikwe wakati uleule, iwe ya asili, iwe sahihi. Akaunti ya pamoja inaua herufi ya kwanza, na barua za onyo za FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, kwa viwanda vya nchi mbalimbali zimeitaja mara nyingi.

Tazama mashine moja tu, HPLC ya maabara ya ubora, ile inayopima kiasi cha dawa ndani ya tembe. Mchambuzi anaendesha sampuli, matokeo yanatoka nje ya kiwango. Kama ameingia kama "lab" na akaunti hiyo ina mamlaka ya msimamizi, anaweza kufuta faili, kuendesha tena, kurudisha saa ya kompyuta nyuma, na kuchapisha matokeo safi ya jana. Huenda hana nia mbaya; huenda sindano ilikuwa na kiputo cha hewa kweli. Lakini hakuna wa kujua tena, na kundi zima la dawa halina ushahidi. Hivyo: kila mchambuzi na akaunti yake, mamlaka ya msimamizi kwa mtu asiye wa maabara hiyo, saa ya kompyuta isibadilishwe na mtumiaji, kumbukumbu ya matukio iwashwe, isizimike, na isomwe kabla kundi halijaruhusiwa kutoka. Hilo la mwisho ndilo hurukwa. Kumbukumbu huwashwa, mkaguzi huonyeshwa imewashwa, na hakuna aliyewahi kuisoma.

Anayetaka kuuza dawa Marekani hukutana na kanuni ya 21 CFR Part 11, ya tangu 1997, ambayo ni fupi kuliko sifa yake. Sahihi ya kielektroniki iwe ya mtu mmoja na isipewe mwingine kamwe, hata mwenyewe akiondoka. Isiyo ya bayometria iwe na sehemu mbili, kwa mfano jina na nenosiri. Katika kikao kimoja kisichokatika, sahihi ya kwanza inataka zote mbili na zinazofuata zinaweza kutaka moja. Na kila sahihi ionyeshe jina kamili, tarehe na saa, na maana yake: nimepitia, nimeidhinisha, nimeandika. Ukiangalia vizuri ni kitabu cha DDA tena.

Akaunti zisizo na mtu

Mashine ya kupima damu huingia kwenye mfumo wa maabara kwa akaunti yake. Nakala rudufu ya usiku ina yake. Fundi wa mashine ya picha ya CT aliye nje ya nchi ana njia yake ya kuingia aliyofunguliwa siku mashine iliposimikwa, na nenosiri ni lile la kwenye kijitabu. Hizi haziendi likizo wala haziachi kazi, kwa hiyo hakuna anayezifunga. Ziandike zote kwenye daftari moja, kila moja ikiwa na binadamu anayeiwajibikia. Ya fundi ifungwe wakati wote. Akihitaji, anapiga simu, inafunguliwa kwa saa mbili na anachofanya kinarekodiwa.

Ziko pia akaunti mbili za msimamizi za kutumia siku mfumo wa utambulisho wenyewe umelala: intaneti imekatika, seva iko kwenye wingu, na wodi nzima haiingii. Neno la herufi 20 na zaidi, ndani ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri, kwenye sefu ya mkurugenzi, ijaribiwe kila miezi mitatu. Bahasha isiyojaribiwa huwa na nenosiri la mfumo uliokwisha kubadilishwa. Kompyuta za wodini nazo ziruhusiwe kukumbuka walioingia karibuni, ili kukatika kwa intaneti kusimkatishe nesi kazi.

Siku Kamishna anapopiga simu

Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, data za afya ni data nyeti. Zikifikiwa na asiyeruhusiwa na kukawa na hatari halisi ya madhara kwa mwenyewe, hospitali ina saa 72 tangu ilipojua kumwarifu Kamishna wa Data. Kampuni inayokuchakatia data ina saa 48 kukuarifu wewe. Faini ya utawala hufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, iliyo ndogo kati ya hizo. Saa 72 ni nyingi kwa hospitali inayoweza kusema: akaunti hii, ya mtu huyu, kutoka kompyuta hii, ilifungua mafaili 112 kati ya saa tano na saa sita usiku. Kwa hospitali ya wodi5 hazitoshi, kwa kuwa itabidi iwaarifu wagonjwa wote.

Kliniki ndogo ya Kayole au Pipeline yenye kompyuta sita haihitaji kununua haya yote. Ianze na asubuhi moja. Chapisha orodha ya akaunti zote za mfumo. Iweke kando ya orodha ya mishahara ya mwezi huu. Kila jina la mtu lisilo kwenye orodha ya mishahara lipigwe mstari na lizimwe (lisifutwe, historia yake inahitajika). Kila jina lisilo la binadamu liandikiwe mwenye kulijibia. Mchana fungua akaunti moja kwa kila mtu, na uthibitisho wa pili kwenye barua pepe na kwa msimamizi. Ofisi ikitaka mfumo mmoja wa kuingilia programu zote, Keycloak ni ya bure na inazungumza OpenID Connect na SAML, lugha ambazo programu hutumia kuulizana aliyeingia ni nani, ila mpe mtu wa kuitunza, kwa sababu ikilala, kliniki nzima inalala nayo. Wiki ijayo, mchukue mtu mmoja aliyeacha kazi mwezi uliopita na ujaribu jina lake kwenye kila mfumo: wa wagonjwa, wa maabara, barua pepe, wa stoo, kamera za mlangoni. Kamera za mlangoni ndizo watu husahau.